Mchoraji Aliyezikwa Nje ya Ua

Simu ilinikuta dukani Jumanne asubuhi, nikibishana na fundi juu ya mashine ya kukatia karatasi. Aliyepiga ni mama anayeuza chai mkabala na lango la hospitali, ambaye nilikuwa nimemwachia namba yangu kwa sababu yeye huzungumza na wauguzi kabla yetu sote. Alisema maneno manne tu: "Yule msichana wako ameenda." Hakuwa msichana, alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na tisa. Wala hakuwa wangu, maana hatukuwa na undugu wala mapenzi. Tulifahamiana tu kama watu wa mji mmoja wanaoishi kwa rangi na karatasi wanavyofahamiana. Lakini sikumsahihisha yule mama. Niliketi juu ya katoni za kalenda ambazo wateja hawajaja kuchukua, fundi akaniuliza kama anunue kisu kipya au anoe kile cha zamani, nami nikamjibu, "Ndiyo."

Ninyi wasomaji wangu wa kila Ijumaa mnanijua. Sijawahi kuwaficha kwamba nilitoka Kaloleni na begi lenye zipu mbovu, nikaenda ng'ambo, nikakaa miaka tisa, nikarudi na stashahada ya uchapishaji na usanifu. Nikafungua duka karibu na Kibuye ambalo leo lina mashine tatu, na nikajenga nyumba yenye vigae Mamboleo. Nimeyasema haya katika safu hii mara nyingi na sioni aibu kuyasema tena, kwa sababu hakuna aliyenishika mkono. Nilipanda mwenyewe. Lakini wiki hii nawaandikia nikiwa nimetoka mahali ambapo stashahada, mashine na vigae havikunisaidia hata kidogo, na sijui niwaelezeeje isipokuwa kwa kuanza na ng'ombe.

Marehemu alikuwa mchoraji wa vibao. Kama uliwahi kunyolewa au kusukwa nywele Kisumu miaka ile, basi uliingia chini ya kichwa alichokichora yeye. Alichora vinyozi, saluni, mafundi wa baiskeli, na majina ya mitumbwi pale ufukweni, yenye rangi tatu na vivuli, mpaka wavuvi wakawa wanagombea zamu. Siku moja mwenye bucha jirani na duka langu alimwita amchoree ng'ombe ukutani. Alichora siku mbili. Wiki haikuisha, mwenye bucha akatoka nje na aproni yake, akamsimamisha njiani mbele yetu sote.

"Dada, huyu ng'ombe yako ananiharibia kazi."

"Amefanya nini?"

"Anaangalia watu! Mtu anakuja kununua nusu kilo, anaangalia ng'ombe, ng'ombe anamwangalia, anaona huruma, anaenda zake kununua omena kwa jirani."

"Si ulisema unataka ng'ombe wa ukweli?"

"Nilitaka ng'ombe wa ukweli, sikutaka ng'ombe mwenye mawazo!"

Tulicheka mpaka mwenye duka la viatu akaketi chini. Mchoraji hakucheka. Alivuta kiti, akapanda, akachovya brashi kwenye rangi ya kahawia na kulifunga lile jicho kwa mapigo matatu. "Haya, sasa amelala," akasema. Mwenye bucha akarudi nyuma, akamtazama ng'ombe kwa makini. "Hapana, sasa amekufa," akajibu. "Huyo ndiye naweza kuuza." Alasiri hiyo hiyo mchoraji aliingia dukani kwangu kuomba vipande vya karatasi tunavyovitupa baada ya kukata. Alisimama mlangoni na rangi ya kahawia imekauka kwenye kifundo cha mkono wake, akaniuliza swali ambalo nadhani lilizaliwa pale kwenye kiti: "Bwana Diploma, huko ulikokuwa, wanafundisha watu kuchora vitu vikatembea? Nimefunga jicho la huyu ng'ombe, nikaona ningeweza pia kulifungua."

Bwana Diploma ndilo jina alilonipa, kwa dhihaka, na nililipenda. Nikamwambia kule wanafundisha kila kitu. Nikamwonyesha picha yangu maarufu, ile ambayo wengi wenu mmeiona ikining'inia juu ya kaunta, nimesimama kwenye theluji na koti jeusi, mkono juu ya gari. Nikamsimulia juu ya maktaba zenye joto, mabasi yanayofika kwa dakika, walimu wanaokuita kwa jina lako la kwanza. Kila neno nililomwambia lilikuwa kweli. Ila sikumwambia kwamba lile gari halikuwa langu, wala la mtu ninayemjua. Sikumwambia kwamba majira ya baridi ya kwanza nililia kwenye choo cha mkahawa niliokuwa naosha vyombo, mara tatu kwa wiki, kwa zamu, kama vile kulia nako kulikuwa kwenye ratiba. Sisi tuliorudi tuna kasoro hii moja: tunaleta picha, na picha haina ubaridi. Mtu wa huku anaitazama, anapanga safari yake kwa kufuata picha hiyo.

Ilimchukua miaka mitatu kupata viza na nauli, kwa kuchora mitumbwi na vibao kutoka Kisumu mpaka visiwani. Alipofika, kimya kilipita miezi miwili. Kisha akapiga simu, na salamu zake zilikuwa hizi: "Bwana Diploma, mbona hukuniambia?"

"Ningekuambia, ungeenda?"

"Ningeenda. Lakini ningebeba soksi."

Alikuwa amepata kazi katika chumba cha kufulia cha hoteli, akikunja mashuka toka alfajiri hadi saa nane mchana. Sabuni ilimpasua vidole mpaka kushika penseli kukawa kama kushika mwiba. Alichora hivyo hivyo, nyuma ya karatasi za orodha ya mashuka. Shule ya filamu za katuni ilimkataa mara mbili. Mara ya kwanza walisema lugha yake haitoshi. Mara ya pili walitaka kuona kazi zake, naye kazi zake zote zilikuwa ukutani Kibuye na ubavuni mwa mitumbwi, vitu visivyotiwa kwenye bahasha. Hapo ndipo nilipomsaidia, na ninalitaja hili kwa sababu ni moja ya mambo machache katika habari hii ninayoweza kujivunia. Nilichukua kamera nzuri niliyorudi nayo, nikazunguka mji mzima siku nne, nikapiga picha kila kibao chake. Nilimpiga picha hata ng'ombe wa bucha. Walimu wa ile shule wakatazama zote, wakasimama kwa ng'ombe, wakamwandikia kuuliza kwa nini jicho limefunikwa kwa rangi isiyolingana. Akawajibu kwa ukurasa mmoja, kwa lugha yake isiyotosha, akiwaeleza juu ya mwenye bucha, nusu kilo na omena. Ukurasa huo ndio uliomfungulia mlango wa shule.

Filamu yake nimeitazama mara nyingi. Ina dakika saba tu, na haina maneno. Wanawake wanaanika omena, wale dagaa wa ziwani, kwenye nyavu zilizotandazwa mchangani, ndege weupe wanasogea kuiba, mwanamke mmoja anawafukuza kwa tawi, wanarudi, anawafukuza, wanarudi. Basi. Aliniambia kila sekunde moja ilitaka michoro kumi na miwili, na kwamba alitumia miaka miwili kuimaliza huku bado anakunja mashuka. Ilipoonyeshwa mara ya kwanza, alinitumia video fupi ya ukumbi wenye viti vyekundu, wazungu wamesimama wakipiga makofi, naye mbele yao amevaa gauni la kitenge na buti za theluji. Nami nikiri mbele yenu: niliitazama kwa wivu. Nilikaa katika nchi ile ile miaka tisa, na hakuna hata mtu mmoja aliyewahi kusimama kwa ajili yangu, isipokuwa kwenye basi, nilipokuwa nimebeba ndoo mbili za rangi.

Alirudi miaka miwili iliyopita. Alikodi nyumba Kaloleni, mitaa miwili kutoka pale nilipozaliwa, akaweka meza ya kioo yenye taa chini yake, akaanza filamu ya pili. Watu walimuuliza kwa nini amerudi wakati mambo yalikuwa yameanza kumnyookea. Tuna methali yetu, mcheza kwao hutunzwa, na mimi mwenyewe niliiandika katika safu hii nilipokuwa nakaribisha kurudi kwake, ingawa sikumtaja. Leo siiandiki kwa moyo ule. Huku kwetu kila mtu alijua ameenda ng'ambo na amerudi, ila sijui ni wangapi waliowahi kuomba kuiona ile filamu. Walitaka kujua kama amejenga. Na wa kwao walitaka kujua jambo lingine, yaani nani amemuoa. Hakuna aliyekuwa amemuoa. Alikuwa na kazi iliyotaka michoro kumi na miwili kwa sekunde.

Ugonjwa wa damu ulimpata mwezi wa pili baada ya Krismasi. Sitaki kuueleza sana. Alichoka, kisha akachoka zaidi, kisha wakamlaza. Nilikwenda kumwona saa saba za mchana, saa ya wageni, nikiwa na machungwa na gazeti lenye safu yangu. Aliniomba nikae, na akaniambia jambo ambalo hakuwa ameniambia katika miaka yote. Alikuwa na shangazi, dada ya baba yake, mwanamke aliyekuwa fundi wa vyungu na hakuolewa. Alipokufa, kwa desturi ya kwao, ambayo ndiyo desturi ya kwetu pia, hakuzikwa ndani ya boma la baba yake, kwa sababu binti hana kaburi nyumbani kwa baba, na akizikwa ndani inaaminika ataleta mikosi. Kaburi lake liko kwa mumewe. Asiye na mume huzikwa nje ya ua. Basi shangazi akazikwa nje, kando ya ua wa minyaa. Miaka ikapita, minyaa ikakatwa, njia ikapanuliwa, jirani akalima. Mchoraji aliporudi kutoka ng'ambo na shada la maua, hakupata hata mtu mmoja wa kumwonyesha mahali. Mmoja alimwelekeza kwenye mahindi, mwingine akamwelekeza kwenye barabara.

"Nimepotea vya kutosha huko," akaniambia. "Nilipotea kwenye treni, nikapotea kwenye lugha yao. Kila mara nilirudi. Hiyo ya nje ya ua, sitaweza kurudi. Wewe unajua kuongea, Bwana Diploma. Waambie wanizike ndani. Hata kwa nyuma ya jiko ya mama. Hapo sina neno."

Nikamwambia, "Hilo niachie mimi. Wazee wananisoma."

Angalieni jinsi nilivyojibu. Ilikuwa imebaki wiki sita kabla hajafa, ingawa sikujua hesabu hiyo. Kwao si mbali, ni kupita uwanja wa ndege na kushuka upande wa ziwa. Ningeweza kwenda na kurudi kabla ya chakula cha mchana. Wiki ya kwanza tulikuwa na kadi za harusi. Ya pili niliamua nitakwenda Jumapili, lakini Jumapili hiyo alionekana ana nafuu, akala, akachora mkono wa muuguzi, nikaona kwenda kuzungumza kaburi la mtu anayekula ni kumtakia mabaya. Na chini ya sababu hizo zote kulikuwa na sababu yangu halisi. Niliamini siku ikifika, nitasimama, nitasema, na yataisha. Nimesimama mbele ya maofisa wa uhamiaji nikashinda. Wazee wa boma moja la ziwani wangenishinda nini?

Tulikutana Alhamisi, siku mbili baada ya simu ile, chini ya hema lililofungwa upesi katikati ya boma. Viti vya plastiki vilipangwa duara. Baba yake alikwisha kufa zamani, kwa hiyo msemaji alikuwa baba yake mdogo, mzee mrefu mwenye sauti ya chini ambaye watu wote walimwita Jaduong', yaani mzee. Kulikuwa na wazee wengine watano, kaka wa marehemu, na mama yake aliyeketi mkekani nje kidogo ya duara pamoja na wanawake wenzake. Nilivaa koti. Nilianza kwa kujitambulisha, nikataja nilikosoma. Nikasema juu ya ukumbi wenye viti vyekundu. Nikasema mtu ambaye wageni walisimama kwa ajili yake hawezi kulazwa na watu wake mahali ambapo mbuzi hupita. Nilisema vizuri. Nawaambia kweli, sijawahi kusema vizuri kuliko siku ile, na kaka yake alikuwa anafuta macho.

Jaduong' alingoja mpaka nikaketi. "Mwandishi, asante," akasema. "Hayo maneno yako tumesikia, na sisi tunasoma gazeti yako hapa. Huyu mtoto mimi mwenyewe nilimbeba kwa mgongo wakati alikuwa na surua. Usifikiri tunamfukuza. Huko nje ni kwetu pia. Sasa nikuulize. Alikuambia lini haya maneno?"

"Wiki sita zilizopita, Jaduong'."

"Wiki sita." Aliwatazama wenzake. "Na sisi tulikuwa wapi hizo wiki sita? Tulihama?"

Jaduong' akanigeukia tena.

"Ungekuja na yeye akiwa hai, hata kwa machela, tungekaa hapa tubishane. Mimi ningekataa, yeye angelia, mama yake angelia, pengine ningechoka. Baba yangu aliwahi kuchoka hivyo, akabadilisha jambo moja kubwa hapa. Mtu aliye hai tunabishana na yeye. Akishakufa hatubishani tena, tunafuata njia. Kwa sababu nikibadilisha leo, nani atasema ni yeye alitaka? Wewe?"

"Ndiyo, mimi. Aliniambia mwenyewe."

Hapo mzee mmoja mfupi, mwenye kofia ya sufu, ambaye alikuwa amesinzia nilipokuwa nahutubu, aliinua kichwa. "Omera," akaniita, kama mtu anavyomwita ndugu yake anayetaka kumtania, "wewe uko na boma?"

"Niko nalo, kwa baba yangu."

"Iko na ua?"

"Upo."

"Basi mambo imeisha! Unamtaka ndani ya ua, ua uko. Mchukue leo, lete ng'ombe moja tu, hata yule wa bucha, tukuhesabie kama mume wake. Umzike kwako, mkono wa kushoto wa nyumba kama bibi wa pili. Sisi tutakuja kulia huko, na chakula tutakula."

Duara zima likacheka, kicheko kile cha matangani kinachowapa watu nafasi ya kupumua. Lakini kicheko kilipoisha, waligeuka wakanitazama. Nikatambua kwamba yule mzee alikuwa amenitania na pia hakuwa amenitania. Jambo hilo limewahi kufanyika kwetu. Wapo wanawake waliopata mume siku ya mazishi ili wapate mahali. Jaduong' alikuwa amenikazia macho bila kucheka, akisubiri. Njia ilikuwa imefunguliwa, nyembamba na ya ajabu, na mtu pekee aliyeweza kuipita alikuwa mimi.

Nilimfikiria mke wangu, ambaye hajawahi kumpenda sana yule mwanamke wa rangi. Niliwafikiria watoto wangu wakiulizwa shuleni. Nilifikiria jinsi ambavyo ningeandika jambo hilo hapa, na jinsi mngelisoma. Nadhani nilifikiri kwa muda mrefu kuliko heshima inavyoruhusu, kwa sababu mzee wa kofia mwenyewe alinionea huruma, akasema, "Wacha, ndugu yangu. Ilikuwa mzaha." Nikasema, "Asante." Ndiyo, wasomaji wangu. Nilimshukuru.

Nilifanya jaribio la mwisho. Niligeuka kwa mama yake, nikamwendea pale mkekani, nikachuchumaa. Nilidhani mama hawezi kumkataza mwanawe mahali nyuma ya jiko lake mwenyewe. Alinishika mkono. Mikono yake ilikuwa migumu, ya mtu aliyeanika omena maisha yake yote, na ndipo nikamtambua yule mwanamke wa filamu, mwenye tawi.

"Baba," akaniambia, kama mama zetu wanavyoita mwanamume yeyote wanayetaka kumbembeleza, "wewe umemsemea vizuri. Lakini jioni wewe utarudi mjini. Mimi nitabaki na hawa. Nikimweka hapa nyuma ya jiko, halafu mwezi ujao mjukuu augue, nani wataangalia? Wataniangalia mimi. Kila homa itakuwa yangu. Kila ng'ombe ikifa itakuwa yangu. Mimi nimezeeka, siwezi kubeba hiyo." Kisha akauliza, kwa sauti ndogo, kama anauliza bei ya kitu asichokusudia kununua, "Ni kweli alinitaja? Alisema jiko yangu?"

"Alisema, Mama."

Akaachia mkono wangu, akajifunika uso kwa kanga, na wanawake wakamzunguka. Mimi nikabaki nimechuchumaa pale na koti langu, sijui nisimame au nikae.

Tulimzika Jumamosi mchana, nje ya ua, upande wa chini ambako ardhi inashuka kuelekea matete. Mhubiri alisema vizuri. Kwaya ya akina mama iliimba vizuri zaidi. Wavuvi walikuja na makasia waliyoyapaka rangi, kwa sababu yeye ndiye aliyewachorea mitumbwi yao, wakayasimika kando ya kaburi kama nguzo. Jaduong' alitupa udongo wa kwanza huku kaka wa marehemu amemshika kiwiko. Sikuona mtu mwovu siku ile. Laiti ningemwona, ningekuwa na mtu wa kumwandika leo. Niliona watu waliompenda wakifanya walichokijua, kila mmoja akiwa na kitu anachokiogopa, nami nikiwa miongoni mwao na changu.

Nimekuwa nikijiuliza tangu siku hiyo tunaleta nini hasa sisi tunaokwenda na kurudi. Huyu mwanamke alishinda baridi, akashinda sabuni iliyompasua vidole, akashinda shule iliyomfungia mlango mara mbili, akashinda upweke ambao mimi mwenyewe sikuwahi kuusema mpaka leo. Alishinda kila kitu kilichokuwa kigeni. Kilichobaki kilikuwa cha nyumbani, na hicho hakushindana nacho kwa sababu alimkabidhi mtu aliyejisifu kwamba anajua kuongea. Tunarudi na stashahada na filamu na makoti, tunadhani nyumbani patatupokea pamoja na hayo yote. Kumbe nyumbani panatupokea sisi tu, kama tulivyoondoka, mtoto wa fulani, binti wa fulani, ameolewa au hajaolewa. Sisemi ni vibaya. Sisemi ni vizuri. Nilikuwa mtu wa kusema daima, sasa sijui la kusema.

Kwa hiyo nitafanya kazi ndogo ninayoiweza. Baada ya watu kutawanyika nilirudi langoni, nikahesabu. Kutoka mwimo wa kushoto wa lango, unapotoka, ni hatua sitini na moja za mtu wa kimo changu, ukiliacha jiwe kubwa jeupe mkono wa kulia na kuelekea nguzo ya pili ya umeme. Kichwa chake kiko upande wa nguzo. Ili hata ua ukija kukatwa, njia ikipanuliwa, mtu akilima, apatikane, watu wa pale walikate gazeti hili na kulihifadhi; wao wanajua ninasema lango gani. Nimempelekea pia kaka yake maelezo haya, yamechapwa kwenye karatasi nzito ya duka langu, ile isiyopauka upesi.

Na kama kuna mtu amekukabidhi neno la kuwapelekea wazee, usijiamini kama nilivyojiamini mimi. Mchukue umpeleke naye, hata kama ni mgonjwa, hata kwa machela, mkaketi mbele yao mchana kweupe. Acha alie, acha akukatize, acha aseme vibaya kile ambacho ungekisema vizuri. Mimi nilingoja mpaka nikawa msemaji wa mtu asiyeweza tena kunikatiza, na wazee walinisikiliza kwa heshima zote, kisha wakachukua majembe.